Kompyuta nyepesi ya safari kwa shilingi milioni 1.2: kisa cha mkaguzi wa matawi

Mhusika wa kisa hiki ni mkaguzi wa ndani wa kampuni ya pembejeo za kilimo yenye makao makuu Dar es Salaam. Simtaji jina, wala siitaji kampuni. Kazi yake inatosha kueleza alichohitaji. Sehemu kubwa ya mwezi yuko njiani: Dodoma kwa treni ya SGR, Mbeya na Sumbawanga kwa basi, Mwanza kwa ndege, na kutoka Mwanza kwenda Bukoba kwa meli ya usiku. Akifika tawini anahesabu mifuko ya mbolea ghalani, analinganisha hesabu hiyo na vitabu, anavuta taarifa za mauzo kutoka kwenye seva ya tawi, na jioni anaandika ripoti gesti.

Kompyuta aliyokuwa nayo ilikuwa ya kioo cha inchi 15.6. Tuliiweka kwenye mizani pamoja na chaja yake ya tofali, waya wake mnene na ekstensheni aliyokuwa haachi kuibeba, tukapata kilo 2.9. Ekstensheni ilikuwepo kwa sababu betri ilikuwa imekwisha nguvu: ukichomoa waya, mashine haikai hata saa moja. Ghala la pembejeo mara nyingi lina soketi moja, nayo iko karibu na mlango, kwenye meza ya mtunza stoo. Kwa hiyo mkaguzi alikuwa anahesabu mali kwa karatasi upande mmoja wa ghala, kisha anarudi mlangoni kuingiza namba. Kazi moja, mara mbili. Na bega la kulia lilishaanza kumsumbua kiasi cha kwenda hospitali.

Ofisi ilimtengea shilingi milioni 1.2, lazima kwa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Ombi lake lilikuwa fupi: "Kaka, nitafutie laptop nyepesi kuliko zote kwa hela hii."

Nilimwomba tulibadilishe ombi kidogo kabla ya kutoka kwenda dukani. Uzito unaoandikwa kwenye maelezo ya kompyuta ni wa kompyuta peke yake. Msafiri habebi kompyuta peke yake. Anabeba na chaja, na vile vipachiko vya kuunganishia nyaya, na kama betri ni dhaifu anabeba pawabenki au ekstensheni. Tulichokuwa tunatafuta ni mkoba mwepesi kuliko yote unaoweza kumaliza siku ya kazi bila soketi. Mkoba huo hautoki lazima kwenye mashine nyepesi kuliko zote, na ndiyo maana nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa urefu.

Mahitaji yake yalikuwa haya. Faili za Excel zenye mistari mingi sana, tatu au nne zikiwa wazi kwa pamoja. Programu ya uhasibu ya ofisi, ambayo hufanya kazi kwenye Windows tu. Kivinjari, barua pepe, vikao vya video mara chache. Tundu la waya wa mtandao, kwa sababu baadhi ya matawi hayana Wi-Fi ya kuaminika na taarifa huvutwa kwa waya moja kwa moja. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya 8GB ingemtosha kwa kubanana, ya 16GB ingempa nafasi. Diski ya SSD ya 256GB ilitosha kabisa, maana faili za hesabu ni ndogo. Kadi ya michoro, kioo cha kugusa, kalamu: hakuna alichohitaji hapo.

Njia ya kwanza, ambayo wengi wenye bajeti hii huiendea, ni mashine mpya ya bei rahisi. Zipo, zinang'aa, nyingine zina kilo 1.2 hadi 1.4, na zina waranti ya mwaka. Ukisoma vizuri ndani yake unakuta prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya 4GB iliyochomelewa kwenye ubao, na hifadhi ya eMMC (ya polepole kuliko SSD) ya 64GB ambayo nayo imechomelewa. Masasisho ya Windows peke yake yanaweza kuibana hifadhi ya namna hiyo mpaka ikakosa pumzi. Ukifungua programu ya uhasibu na faili mbili za Excel, unasubiri. Mwanafunzi wa sekondari anayeandika insha ataitumia vizuri. Kumpa mkaguzi mashine hii ni kumpunguzia mzigo wa bega na kumwongezea mzigo wa usiku. Niliikataa bila kusita.

MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, tuliijadili kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ni mashine bora sana kwa msafiri: kilo 1.29, haina feni, betri ya wati-saa 49.9 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) inayokaa siku nzima. Hata zilizotumika zilikuwa juu ya bajeti yake. Lakini kilichoiondoa hasa ni ile programu ya uhasibu. Kumfundisha mtu kuzungukazunguka ili programu ya Windows ifanye kazi kwenye Mac, halafu aitegemee Sumbawanga ambako hakuna wa kumsaidia, nisingeweza kulala vizuri.

Zilibaki mashine za kibiashara zilizotumika, zile zinazotoka kwenye maofisi ya Ulaya, Marekani na Ghuba, nyingi zikipitia Dubai, na kuishia kwenye maduka ya Kariakoo na Posta. Ziliundwa kwa ajili ya watu wa aina yake hasa: wafanyakazi wanaosafiri. Maumbo yao ni ya aluminiamu, magnesiamu au nyuzi za kaboni, bawaba zao ngumu, kibodi zao za kuandikia kweli. Kampuni hubadilisha kompyuta baada ya miaka michache, zikiwa bado na nguvu. Bei iliyokuwa kubwa sana zikiwa mpya imeshaliwa na mmiliki wa kwanza.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote, na hauonekani kwa macho. Microsoft iliacha kuipa Windows 10 msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa prosesa za Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8, na inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0. Dukani, mashine ya kizazi cha 7 na ya kizazi cha 8 hukaa rafu moja, zinafanana umbo, uzito unakaribiana, na ya kizazi cha 7 ina bei ya kuvutia. Tofauti unaisoma kwenye namba ya prosesa: i5-7200U ni kizazi cha 7, i5-8250U ni kizazi cha 8. Kwa prosesa hizi, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayosema. Na si suala la Windows tu. Kwenye prosesa hizi za kompyuta nyembamba, Intel iliongeza viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja, kutoka viwili vya i5-7200U hadi vinne vya i5-8250U. Kwa mtu wa Excel nzito, hiyo ni tofauti anayoiona kila siku.

Muuzaji mmoja alitusihi: "Dada, chukua hii, Windows 11 nimeshaiweka, inapiga kazi." Ilikuwa ya kizazi cha 7. Ni kweli mafundi wana njia za kuiweka Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika, na ikakaa. Lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho, na mkaguzi anabeba hesabu za kampuni nzima. Tuliendelea na safari.

Tulibaki na mashine tatu, zote za 2018, zote kizazi cha 8.

ThinkPad X1 Carbon Gen 6 ndiyo iliyomvutia mara moja alipoinyanyua. Kioo cha inchi 14, kilo 1.13. Betri yake ikiwa mpya ni ya wati-saa 57. Ilikuwa shilingi 1,050,000, RAM 8GB. Tatizo la kwanza ni kwamba RAM yake imechomelewa. Ukiinunua na 8GB, utakufa nayo na 8GB. La pili, haina tundu la kawaida la waya wa mtandao. Inahitaji kipachiko chake, ambacho kwenye mashine zilizotumika aghalabu kimeshapotea. La tatu ni la kukagua, si la kukatia tamaa: ThinkPad kadhaa za 2017 hadi 2019 zilikuwa na kasoro ya programu ndani ya kidhibiti cha Thunderbolt, chipu inayosimamia tundu la USB-C, iliyoweza kuua tundu hilo, ambalo ndilo la kuchajia. Lenovo ilitoa sasisho la kuirekebisha. Anayenunua leo ajaribu kuchaji kwenye matundu yote mawili, kisha ahakikishe sasisho hilo lipo.

Dell Latitude 7390 ilikuwa karibu kushinda. Kioo cha inchi 13.3, uzito unaoanzia kilo 1.17, tundu la waya wa mtandao, na RAM inayobadilishika. Ile tuliyoikuta ilikuwa na kibodi ya Kijerumani, Z mahali pa Y, na alama nyingi zimehama. Muuzaji alitaka kubandika stika. Kwa mtu anayeandika ripoti ndefu usiku, stika hubanduka na vidole huchanganyikiwa. Kama ingekuwa na kibodi ya kawaida, huenda ningeandika kisa tofauti.

Ya tatu ni HP EliteBook 830 G5. Inchi 13.3, uzito unaoanzia kilo 1.33. Ilikuwa nzito kuliko zote tatu, na mkaguzi aliirudisha mezani kwa uso wa kukata tamaa. Lakini ina nafasi mbili za RAM, ina tundu la waya wa mtandao, ina HDMI kwa projekta, ina matundu mawili ya USB ya kawaida kwa flashi za matawini, na inachajiwa kwa USB-C. Kibodi ilikuwa ya Kiingereza cha Uingereza. Bei shilingi 780,000, RAM 8GB kwa kijiti kimoja, SSD 256GB.

Kabla ya kulinganisha bei, tuliuliza betri. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Inatoka ripoti yenye ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo wake wa sasa ikijaa. Hii si siri, wala haichukui dakika mbili, na muuzaji mwaminifu hatakunyima. X1 Carbon ilikuwa imebaki na asilimia 61 ya ujazo wake. EliteBook nayo haikuwa na la kujivunia: asilimia 58.

Sasa hesabu. Mashine za aina hii, kwa kazi ya Excel na mwanga wa kioo wa kati, hutumia takriban wati 8. EliteBook yenye betri mpya ya wati-saa 50 inakupa kama saa 6. Kwa asilimia 58 ni wati-saa 29, yaani saa 3 na nusu. X1 kwa asilimia 61 ni wati-saa 35 hivi, saa 4 na kidogo. Siku ya ghala ni saa 6 au 7, kompyuta ikiwa imefunguliwa sehemu kubwa. Zote mbili, kama zilivyokaa pale mezani, zilikuwa zimeshindwa.

Ushauri unaotolewa mara nyingi hapo ni kununua pawabenki. Pawabenki ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, iko chini ya kikomo cha wati-saa 100 cha kupanda nayo ndege bila kuomba kibali, mradi iwe kwenye mzigo wa mkononi na si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Lakini ile yenye nguvu ya kuchaji kompyuta ina uzito wa karibu nusu kilo. Weka X1 ya kilo 1.13, chaja ya kilo 0.2, kipachiko cha mtandao, na pawabenki: unakaribia kilo 1.8. Ile nafuu ya gramu 200 iliyomfurahisha dukani imeliwa yote, na zaidi. Betri mpya ndani ya EliteBook haiongezi uzito wowote, kwa sababu inachukua nafasi ya ile iliyochoka. Mashine, betri mpya ndani, chaja: kilo 1.6 kamili kwenye mizani.

Ni haki kusema kwamba hata X1 ingeweza kubadilishiwa betri, na hapo ingekuwa nyepesi kuliko EliteBook bila ubishi. Lakini betri na kipachiko vingeivusha juu ya milioni 1.2, na RAM ingebaki 8GB daima. Anayeweza kupata X1 yenye 16GB na ana laki mbili au tatu za ziada, aichukue kwa moyo mweupe. Ni mashine nzuri. Mkaguzi wetu hakuwa nazo, na ofisi haikuwa tayari kuongeza.

Tukarudi kwenye EliteBook kuikagua kwa makini zaidi. Tuliizima na kuiwasha tukiingia kwenye mipangilio ya ndani, kuona kama kuna nywila ya kampuni ya zamani. Tuliiweka Windows upya palepale, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu. Hili nalisisitiza, kwa sababu mashine za maofisi huwa zimesajiliwa kwenye mfumo wa usimamizi wa mwajiri, na nyingine hazikufutwa kwenye usajili huo. Ukiiweka upya na ikakuuliza akaunti ya kampuni usiyoijua huko ng'ambo, iache hapohapo, hata kama ni ya bei ya kutupa. Tulipapasa eneo la padi ya kugusa: ikiwa imeinuka au haibonyei, betri imevimba chini yake, na betri iliyovimba haipandi ndege wala haibaki nyumbani. Tulifungua ukurasa mweupe kabisa kujaza kioo, kutafuta madoa. Tulijaribu kila tundu. Muuzaji alianza kuchoka, kisha akaelewa, akaleta kiti.

Manunuzi yalikwenda hivi: kompyuta 780,000, kijiti cha pili cha RAM cha 8GB, 80,000, betri 130,000, chaja ndogo ya USB-C ya wati 65, 85,000. Jumla 1,075,000. Chaja hiyo ndogo inachaji na simu yake, kwa hiyo chaja ya simu iliachwa nyumbani, na ile ya tofali nayo ikapumzika. Kilichobaki kilinunua pochi ngumu na kibodi ndogo ya namba. Betri tuliinunua duka lingine kwa makubaliano ya kuirudisha, tukaipima kwa ripoti ileile kabla ya kulipa. Zipo betri za bandia zinazoandikwa ujazo mkubwa kwenye karatasi na kutoa nusu yake. Ripoti inasaidia kuziumbua, na kuitumia siku mbili kunamalizia.

Hiyo kibodi ndogo ya namba ndiyo kitu nilichokuwa sikukiweka kwenye orodha ya mahitaji, mkaguzi mwenyewe ndiye aliyekiona. Kompyuta za inchi 13 na 14 za aina hii hazina vitufe vya namba vya pembeni. Kwa mtu anayeingiza tarakimu kutwa nzima, hilo si jambo dogo: mkono wake wa kulia umezoea miaka. Ya USB ina gramu mia na kitu. Safari za kuhesabu mali anaibeba, safari za vikao anaiacha.

Suala la usalama tulilimaliza jioni ileile. Mashine ilikuwa na Windows Pro, kwa hiyo tuliwasha BitLocker, programu ya Windows ya kufunga diski kwa usimbaji, na ufunguo wa kufungulia ukahifadhiwa ofisini, si kwenye mkoba uleule. Kompyuta nyepesi ni rahisi kubeba kwa kila mtu, hata mwizi wa stendi. Faili zake zina majina, namba za simu na madeni ya wakulima, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kompyuta ikiibwa ikiwa imefungwa kwa usimbaji, kampuni imepoteza chuma. Ikiibwa ikiwa wazi, imepoteza taarifa za watu walioiamini.

Alikwenda nayo Mbeya na Sumbawanga. Mrejesho wake ulikuwa wa kweli, na nauweka wote. Ghalani aliitembeza mkononi tangu asubuhi hadi alasiri, akiingiza hesabu palepale kwenye rundo, bila karatasi ya kati. Bega limetulia. Ripoti ya tawi aliimaliza siku hiyohiyo. Upande wa pili, kioo kinafifia akikaa karibu na mlango penye jua, na inchi 13.3 zimembana kwenye majedwali mapana, ikabidi akuze maandishi kwa asilimia 125 na kuzoea kusogeza. Ndani ya basi alijaribu tundu la USB la kwenye kiti, halikufaa kitu. Matundu hayo ya kawaida hutoa umeme mdogo wa simu, hayawezi kulisha kompyuta. Makao makuu tumemuunganishia kioo kikubwa kwa HDMI.

Baada ya hapo idara ya fedha ilitaka kununua tano za aina hiyohiyo kwa wafanyakazi wengine. Nilipinga kwa wawili, kwa sababu hukaa mezani Dar es Salaam mwaka mzima, na kwa pesa hiyohiyo wangepata kioo kikubwa na nguvu zaidi. Mhasibu mkuu naye alikuwa na pingamizi lake, tena la msingi: mashine zilizotumika hupewa dhamana fupi, na betri aghalabu haimo. Mwishowe aliridhia tatu, kwa sharti kwamba ripoti ya betri ichapishwe na iambatanishwe na risiti, na bei ya betri mpya iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Fomu yao ya manunuzi ya kompyuta za safari sasa ina safu mbili ambazo hazikuwepo: uzito pamoja na chaja, na ujazo wa betri siku ya kununua.